Hati Zenyewe au Noti za Leksha: Ipi Itakubeba Kwenye Mtihani wa Historia?

Muhula ukikaribia kufungwa, simu yangu huanza kulia. "Mwalimu, tumepewa hati kumi na nane za kusoma na mtihani ni Jumatatu ijayo. Nizisome zote ama nishike noti?" Wengi wanaouliza ni makomredi wa ualimu, historia ikiwa somo lao la pili, wanaoishi Kahawa Wendani au Ngara, mahali ambapo stima ikipotea na bando likiisha saa nne usiku, ratiba yote ya kusoma huvurugika. Nami nilikuwa hapo miaka kadhaa iliyopita. Nilishika noti. Nikafanya sapu, yaani mtihani wa kurudia baada ya kufeli.

Kwa hiyo ulinganisho huu una upande, na sitajifanya hauna. Hata hivyo noti zina kazi yake, na kuna maswali ambayo aliyesoma hati bila noti huyajibu vibaya kuliko aliyelala. Nitazipima njia nne ambazo wanafunzi wa Nairobi huzitumia kweli, na nitazipima kwa hati mbili ambazo kila msomaji wa historia ya Kenya hukutana nazo: Waraka wa Devonshire wa 1923, yaani tamko la sera la serikali ya Uingereza kuhusu Kenya, na taarifa ya serikali kuhusu vifo vya mwaka 1959 katika kambi ya Hola, walikozuiliwa watu wa Mau Mau.

Anza na karatasi ya mtihani

Katika vyuo vyetu vingi hesabu ni ile ile: keti (majaribio ya katikati ya muhula) na kazi za muhula alama 30, mtihani wa mwisho 70. Swali la kwanza ni la lazima, mengine unachagua. Tafuta karatasi za miaka iliyopita uone swali la kwanza hutungwa vipi. Likiwa ni "Eleza sababu za uasi fulani", noti zitakutosha. Likiwa limeweka aya ya mtu fulani na kukutaka uijadili, noti zitakuacha njiani, kwa sababu swali la dondoo halikuulizi nini kilitokea. Linauliza nani anasema, anamwambia nani, kwa nini wakati ule, na nini amekifunika kwa maneno yake.

Mhadhiri aliyegawa hati kumi na nane wiki ya kwanza hakukusudia mpate karatasi za kufungia maandazi. Ataweka dondoo.

Noti za leksha

Uzuri wa noti ni kwamba zina mfuatano. Ukisoma noti za ukoloni Kenya utajua kwamba risasi za Machi 1922, Harry Thuku, kiongozi wa Waafrika aliyepinga ukoloni, alipokamatwa, zilitangulia Waraka wa Devonshire. Kwamba Tume ya Ardhi ya Carter ilikuja miaka ya 1930. Kwamba hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Bila uti huo wa mgongo, hati zinaelea. Nimewahi kusoma jibu la kijana aliyechambua hotuba ya gavana kwa ustadi mkubwa, ila akaiweka kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia badala ya baada ya Vita vya Pili. Uchambuzi wote ukaporomoka.

Pia noti ni nafuu. Daftari la mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri hupigwa fotokopi darasa zima, na wiki ya mwisho huwa na foleni kwenye saiba kama ya unga wa bei ya chini.

Sasa zipime kwa Waraka wa Devonshire. Noti zangu zilikuwa na mistari minne: maslahi ya Waafrika ni ya kwanza, Wahindi wapewa viti vitano, nyanda za juu zabaki za Wazungu, ubaguzi wa makazi mijini waondolewa. Yote ni kweli. Dondoo lilipokuja, nikaandika kwamba mwaka 1923 Uingereza iliamua kuwapendelea Waafrika dhidi ya walowezi. Mhadhiri akachora mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo na kuandika pembeni: "Umeusoma?" Sikuwa nimeusoma.

Kusoma hati yenyewe

Baada ya sapu niliukalia. Si kitabu, ni waraka unaosomeka kwa jioni moja. Jambo la kwanza lililonishtua lilikuwa kichwa chake, ambacho hakuna noti iliyowahi kunitajia: unaitwa "Wahindi nchini Kenya". Ugomvi unaotatuliwa ni wa walowezi wa Kizungu na Wahindi kuhusu viti vya Baraza la Kutunga Sheria, ardhi ya nyanda za juu, uhamiaji na makazi ya mijini. Mwafrika hakuitwa kwenye kesi. Anatajwa kama mwenye mali, halafu wanaogombana wanaambiwa: hii ni mali ya mwingine, nyamazeni, sisi ndio waangalizi.

Hapo nikagundua zoezi ambalo ninalipendekeza kuliko lolote: tafsiri aya yenyewe kwa Kiswahili, kwa kalamu, kabla ya kuijadili. Mtihani utauandika kwa Kiingereza, najua. Lakini Kiingereza cha maafisa wa kikoloni kina utelezi. Unaweza kukikariri chote bila kukigusa. Ile sentensi maarufu, ukiitia Kiswahilini, inasema hivi: Kenya kimsingi ni nchi ya Waafrika, na serikali ya Mfalme inaona ni lazima kuweka wazi kwamba maslahi ya wenyeji wa Kiafrika hayana budi kutangulia, na kwamba endapo, na pale, maslahi hayo yatakapogongana na ya jamii za wahamiaji, ya wenyeji ndiyo yashinde.

"Endapo, na pale." Nani ataamua kwamba yamegongana? Waraka unajibu: serikali yenyewe, kwa sababu inashikilia nchi kwa niaba ya Waafrika, na jukumu hilo haiwezi kulikabidhi wala kushirikiana na mtu. Nilipotafuta neno la Kiswahili la jukumu hilo nikapata "amana", na hapo ndipo waraka mzima ukanifungukia. Kwetu amana ina mwenyewe, na mwenyewe akirudi kuidai anapewa. Amana hii ya 1923 mwenyewe yupo pale pale, hajasafiri, ila mshika amana ndiye atakayesema lini amekua vya kutosha kuichukua.

Kisha angalia nani alipewa nini. Wazungu walibaki na viti 11 vya kuchaguliwa, Wahindi 5. Waafrika, ambao maslahi yao ndiyo yaliyotangulia, waliwekewa mmisionari mmoja wa kuteuliwa awasemee. Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza hilo, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944. Miaka 21 baadaye! Unapoiweka hesabu hiyo kando ya sentensi ya "kutangulia", una jibu la dondoo ambalo aliyekariri mistari minne hawezi kulifikia.

Sasa hati ya pili, ambayo ni fupi zaidi na kali zaidi. Machi 3, 1959, wafungwa wa kizuizini 11 walikufa katika kambi ya Hola, huko Tana. Noti zitakupa tarehe, idadi, na kwamba tukio hilo liliharakisha kufungwa kwa kambi. Taarifa ya serikali iliyotolewa mara baada ya tukio inasema kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka kwenye mkokoteni wa maji uliotumiwa na kundi zima la wafanyakazi na walinzi wao.

Isome tena polepole. Haisemi waliuawa na maji. Inasema vifo vilitokea *baada ya* kunywa maji. Aliyeiandika alijua tofauti ya "baada ya" na "kwa sababu ya", na alitegemea msomaji asiitambue. Hata kuongeza kwamba walinzi walikunywa maji yale yale ni ufundi: kunafanya taarifa ionekane ya mtu asiye na la kuficha, ilhali kunamfanya msomaji makini aulize mbona walinzi hawakufa. Uchunguzi wa mahakama ulikuja kuonyesha kwamba watu wale walikufa kwa majeraha ya kipigo. Ukifundishwa kuiona "baada ya" hiyo, utaiona katika taarifa nyingine za serikali, za wakati ule na za sasa.

Hiyo ndiyo faida ya njia hii, nayo ina bei. Inakula muda. Hati kumi na nane haziwezi kusomwa hivyo kwa wiki moja. Ukijaribu utazipitisha macho zote na kuzielewa nusu nusu, ambayo ni hali mbaya kuliko kusoma nne. Tena hati ikisomwa peke yake hukumeza. Siku tatu za ripoti za wakuu wa wilaya na unaanza kufikiri kama wao: wananchi "watulivu" ni wale waliolipa kodi, "wachochezi" ni wale waliouliza swali.

Kuhusu kwenda Moi Avenue

Watu huniuliza kama waende kwenye jengo la Kumbukumbu za Kitaifa lenyewe. Jengo hilo, lililokuwa benki zamani, sote tunalijua kama mahali pa kukutania kabla ya kuingia matatu. Wachache kati yetu wamepanda ghorofani hadi chumba cha utafiti. Kwa mtihani, jibu langu ni hapana. Kutafuta faili, kusubiri iletwe, kujua kwamba katika alama za faili KBU ni Kiambu na FH ni Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, hiyo ni kazi ya mradi wa mwaka wa nne, si ya wiki ya mitihani. Nenda siku moja mwanzoni mwa muhula, ushike karatasi iliyopigwa taipu miaka ya 1930 na kusahihishwa kwa kalamu ya mtu, basi. Utazisoma fotokopi zako kwa jicho jingine.

Kilicho muhimu zaidi kwa mtihani ni kujua kwamba hifadhi hiyo ina pengo. Kabla ya uhuru Waingereza walichoma baadhi ya faili na kubeba nyingine. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau jijini London, ikajulikana kwamba maelfu ya faili za makoloni yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, hifadhi ya serikali huko Uingereza, na ya Kenya yakiwemo. Juni 6, 2013 serikali ya Uingereza ikatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 yanayowahusu wadai 5,228. Ukiulizwa udhaifu wa hati za serikali kama chanzo, taja hilo. Ni mfano wenye jina na tarehe, na unazidi kwa mbali ile sentensi ya "vyanzo vinaweza kuwa na upendeleo" ambayo kila mtu huiandika na hakuna anayepewa alama kwayo.

Kikundi

Kikundi cha kusoma kina sifa mbaya, na kimeipata kihalali. Mara nyingi mmoja anafundisha, wawili wanatikisa kichwa, wa nne anatafuta mahali pa kuchajia simu. Ukikitumia kurudia noti, unapoteza jioni.

Kinafaa jambo moja tu, na katika jambo hilo hakina mpinzani: kugonganisha hati mbili za tukio moja. Mtu mmoja kusoma pande mbili ni vigumu kwa sababu moyo huchagua upande mapema. Wakiwa wawili, kila mmoja anashikilia hati yake kama wakili.

Mfano mzuri uko hatua chache kutoka lango la Chuo Kikuu cha Nairobi, pale kwenye barabara ya Harry Thuku. Thuku alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika kituo cha polisi kumdai, na ukapigwa risasi. Maafisa waliandika habari za umati uliokuwa ukizidi kuwa wa hatari, na hesabu yao ya waliokufa ilikuwa 21; Waafrika waliokuwepo walitaja idadi kubwa zaidi. Upande wa pili una sauti ambayo haikuandikwa na karani yeyote: kumbukumbu ya Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewakemea wanaume kwa woga wao, akawataka wampe suruali zao naye awape nguo yake, kisha akawa miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Kumbukumbu hiyo ilibebwa na nyimbo za wanawake.

Mpe mmoja wenu ripoti, mwingine simulizi. Anayetetea ripoti aeleze kwa nini haimtaji mwanamke huyu kama kiini cha tukio. Anayetetea simulizi aeleze kama maneno ya Muthoni yametufikia yalivyosemwa, au yamenolewa na miaka ya kuimbwa. Katika kundi langu mabishano hayo yalifika hadi stejini, tukakosa matatu mbili tukiwa bado tunagombana, na lile swali likaja kwenye mtihani kwa sura nyingine kabisa: thamani ya masimulizi katika historia ya Afrika. Hakuna aliyehitaji kufikiri sana.

Watu watatu au wanne wanatosha. Wakifika saba ni mkutano wa chama.

Muhtasari wa simu

Siku hizi mwanafunzi anaweza kuipa programu ya akili unde hati nzima na kupata muhtasari kabla chai haijapoa. Sitakaa sana hapa. Muhtasari wa Devonshire utakaopewa ni ile mistari minne ya noti zangu, kwa lugha nzuri zaidi. Unakupa kilichosemwa na kukunyang'anya namna kilivyosemwa, na dondoo linauliza namna. Hatari nyingine ni nukuu za kubuni. Kijana mmoja alinionyesha maneno ya Kenyatta katika kesi ya Kapenguria, aliposhtakiwa kuongoza Mau Mau, matamu kweli kweli, ila hakuweza kunionyesha yalikotoka, wala mimi sikuyaona nilipoyatafuta. Itumie kueleza neno gumu la kisheria, au kukuuliza maswali baada ya wewe kusoma. Basi.

Na kwa kuwa tunazungumzia njia za mkato: mwakenya hauko katika ulinganisho huu. Ila mwanafunzi wa historia anayeingia chumba cha mtihani na kikaratasi ndani ya soksi ajue walau kwamba jina hilo lilitoka kwa vuguvugu la siri la miaka ya 1980, ambalo vijikaratasi vyake vilipitishwa mkono kwa mkono na watu wakafungwa kwa kukutwa navyo. Ni chanzo cha kihistoria, umekiweka tu mahali pabaya.

Basi uchague ipi?

Ukiwa na wiki tatu, noti ziwe za siku mbili za kwanza pekee: chora mstari wa miaka kwenye karatasi moja, ibandike ukutani. Halafu chagua hati sita, si kumi na nane. Usichague kwa urahisi. Chagua zile mhadhiri alizozirudia darasani, na uhakikishe hazisemi kwa mdomo mmoja. Zote sita zikiwa za serikali ni kosa. Weka ya serikali, ya mlowezi au mmisionari, ya Mwafrika aliyeandika mwenyewe, na moja ya masimulizi. Tafsiri aya moja ya kila hati. Kikundi kikutane mara mbili, kila mara kwa hati mbili zinazopingana.

Ukisoma kozi ya Pwani au ya misafara ya karne ya 19, una bahati ambayo wengi hawaioni: baadhi ya hati ni za Kiswahili. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliacha masimulizi ya maisha yake kwa lugha yetu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Nimeona wanafunzi wa Kiswahili na historia, wote wawili pamoja, wakiisoma kwa tafsiri ya Kiingereza! Soma asili yake. Utaona jinsi anavyohesabu pembe za ndovu na madeni kwa makini, na jinsi waliobeba pembe hizo wanavyopita bila majina.

Ukiwa na wiki moja, mstari wa miaka siku moja, hati tatu, kikundi mara moja. Acha nyingine zote bila majuto, ila ujue kila moja ilitolewa na nani na mwaka gani, ili isikushangaze ikitokea.

Ukiwa na usiku mmoja, noti, na hati moja fupi. Ningechukua taarifa ya Hola, kwa sababu ni ya sentensi chache na inakufundisha jicho linalofaa kwa dondoo lolote utakalokutana nalo asubuhi. Iandike kwa mkono, pigia mstari kila kitenzi ambacho hakina mtendaji, kisha ulale. Matatu za Thika Road zina msongamano kuanzia saa kumi na mbili.